«Yeye Abaki, Tutamwombea»



Kiangazi kimefika. Barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare imeanza kukauka, matope yamegeuka vumbi, shule zinakaribia kufungwa, na karibu katika kila ua watu wanapanga safari. Huyu anakwenda kumsalimu bibi yake, yule anakwenda arusini, wengine wanakwenda kumaliza matanga ya mzee aliyefariki wakati wa mvua. Wako wanaotamani tu siku mbili za kupumzika ukingoni mwa Lualaba, mbali na jembe na ubao wa darasa. Vikundi vyenu navyo vinapanga kambi na hija. Hayo yote ni mema. Bwana mwenyewe aliwaona mitume wamechoka, akawaita kando wapumzike kidogo. Mwenye kudharau pumziko la familia hajasoma Injili vizuri.

Lakini katikati ya mipango hiyo kuna sentensi moja ninayoisikia kila mwaka, na mwaka huu nimekusudia kuipinga kwa maandishi. Husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi husemwa na watu wema: «Yeye abaki, tutamwombea.»

«Yeye» ni nani? Ni kijana wa miaka 13, 15 au 17, mwenye mahitaji ya pekee. Ana kifafa, au ni kiziwi, au miguu yake imepooza, au akili yake huelewa mambo taratibu, au ana damu ile ya SS inayomletea maumivu ya mifupa. Ndugu zake wanafunga mizigo, yeye anawatazama. Wenzake wa komunyo ya kwanza wanajiandikisha kambini. Jina lake halisomwi. Kisha huja ile ahadi ya sala, kama blanketi la kufunika jambo tusilotaka kulitazama.

Nasema waziwazi: sala inayotumika badala ya kumpa mtu nafasi yake si sala. Ni kukataa kuliko valishwa kanzu. Na safari inayopangwa kwa kumtoa mmoja wa watoto si safari ya familia, hata ikipita makanisa kumi njiani.

Sisemi hivyo kama mwamuzi aliyekaa juu ya kiti. Nimeitamka sentensi hiyo kwa kinywa changu. Mwana wetu wa tatu alikuwa na miaka 15. Ana kifafa, na kujifunza kwake ni kwa polepole. Mdogo wake mama yao alikuwa anafunga ndoa upande wa Kabambare. Mimi na mke wangu tulihesabu nafasi za pikipiki, tukahesabu franga, tukahesabu pia macho ya wakwe, na mwisho wa hesabu hizo zote aliyepunguzwa alikuwa yeye. Tulimwacha kwa jirani. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, naye amelala, ili tusione machozi yake.

Tulikaa siku tano. Tuliporudi tulimkuta ameketi kando ya barabara. Jirani alituambia kwamba alikaa pale kila siku tangu asubuhi, na kila pikipiki iliposikika alisimama. Dawa alizoea kuipokea mkononi mwa mama yake. Mkononi mwa mtu mwingine aliikataa. Alianguka mara mbili, mara ya pili karibu na jiko la makaa. Kovu liko mkononi mwake hata leo. Jirani hana kosa, alifanya alichoweza. Kosa ni langu mimi, mwalimu niliyesomea ualimu, katekista niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa wengine kila Jumamosi kwamba kwa Ubatizo sisi sote tu viungo vya mwili mmoja.

Vijana, nchi yetu hii yajua maana ya msafara. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ikaelekea mashariki kuvuka Tanganyika, ikienda mpaka pwani ya bahari ya Hindi. Sheria ya misafara ile ilikuwa moja: mwendo ni wa wenye nguvu. Aliyeshindwa kutembea aliachwa porini au aliuawa, kwa maana hakuwa tena na faida. Baadaye ilikuja dola ya Mfalme Leopold na wapagazi wake wa kulazimishwa, na sheria ikabaki ileile. Mabibi na mababu zetu walilia juu ya njia hizi. Je, sisi wajukuu wao, tuliobatizwa, tunapopanga safari ya furaha, tutachukua tena sheria ya msafara wa watumwa?

Kuna msafara mwingine. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Yakobo alivyokutana na kaka yake Esau baada ya miaka mingi. Esau alitaka watembee pamoja, yeye na watu wake wenye nguvu mbele. Yakobo alikataa kwa adabu. Alieleza kwamba watoto wake ni wachanga na kondoo wake wananyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, watakufa. Akachagua kwenda taratibu, kwa mwendo wa watoto. Yakobo hakuwa mvivu wala maskini. Alikuwa baba aliyejua kwamba kufika bila watoto si kufika.

Na yuko kijana mwingine aliyesafiri na wazazi wake. Alikuwa na miaka 12. Familia ya Nazareti ilikwenda Yerusalemu kwa sikukuu, na wakati wa kurudi kila mmoja alidhani Mtoto yumo katika msafara, pamoja na jamaa. Walipogundua hayumo, hawakusema wenzao wanawangoja, wala hawakusema watamwombea. Waligeuka, wakamtafuta siku tatu. Ikiwa Maria na Yosefu walivunja ratiba yao kwa ajili ya kijana mmoja, ratiba ya kambi yetu ni takatifu kiasi gani hata isiguswe?

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa niliyatoa mimi mwenyewe. Tuyapime moja baada ya jingine.

La kwanza ni fedha. «Hatuna franga za pikipiki ya ziada.» Hilo ni kweli katika nyumba nyingi, na sitamcheka maskini. Lakini sababu ya ukosefu wa fedha hupunguza safari, haimpunguzi mtoto. Ikiwa fedha hazitoshi kufika Kabambare, zaidi ya kilometa 100, basi nendeni karibu. Siku moja mtoni, na chakula kilichopikwa nyumbani, wote wakiwapo, ni pumziko bora kuliko siku tano za arusi zenye pengo. Anayepanga kwanza mahali na kisha kuhesabu watu, ataona siku zote kwamba mtu mmoja amezidi. Anayehesabu kwanza watu na kisha kuchagua mahali, hatamwona aliyezidi.

La pili ni aibu, ingawa hatuliiti kwa jina hilo. «Watu watasema nyumba ile ina laana.» «Akianguka arusini, tutaweka wapi nyuso zetu?» Mitume nao waliuliza habari za kipofu tangu kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yezu alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mjadala huo ulifungwa na Bwana. Kwa nini sisi twaufungua tena kila kiangazi? Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Povu la mgonjwa haliambukizi mtu yeyote. Uchawi haumo, na anayemfungia kijana ndani kwa kuogopa maneno ya watu anawathibitishia watu hao maneno yao. Wahenga walisema hujafa hujaumbika: aliye mzima leo hajui pikipiki, ugonjwa au risasi vitamwachia mwili gani kesho.

La tatu ni hili: «Yeye haelewi, hatapata faida yoyote.» Huu ndio uongo mkubwa kuliko yote, na mwanangu aliyekaa kando ya barabara ndiye shahidi wangu. Hakuelewa hesabu zetu, lakini alielewa kwamba ameachwa. Isitoshe, pumziko si zawadi ya wenye akili nyepesi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na nchi yetu mwaka 2015, unataja katika kifungu cha 30 haki yao ya kushiriki utamaduni, mapumziko, burudani na michezo. Nchi yetu ina pia sheria yake ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Ni aibu kwa Wakristu kwamba wanasheria wamekumbuka jambo ambalo sisi tulipaswa kulijua tangu karamu ile ya Injili ya Luka, ambamo wanaoalikwa ni maskini, vilema na vipofu.

La nne ni zito: «Njia si salama.» Sitalichukulia kwa mchezo. Watu wa Kabambare, na hasa wa upande wa Salamabila, wamekimbia vijiji vyao si mara moja kwa sababu ya makundi yenye silaha. Ikiwa wakubwa wa kijiji wanasema msipite, msipite, na asipite mtu yeyote, mzima wala mgonjwa. Lakini angalieni jinsi hoja hii inavyogeuka. Familia isiyowahi kusafiri na kijana wake siku ya amani, itamchukuaje siku ya kukimbia? Nani atajua jinsi ya kumfunga mgongoni, dawa yake iko wapi, neno gani humtuliza anaposikia kelele? Siku ile hakuna nafasi ya kujifunza. Kitabu cha pili cha Samweli chasimulia juu ya Mefiboseti, mwana wa Yonatani: alikuwa na miaka mitano, mlezi wake akakimbia naye kwa haraka, akamwangusha, akawa kilema wa miguu yote miwili. Kwetu wako walioangushwa vivyo hivyo, na wako walioachwa kitandani kwa sababu hapakuwa na aliyezoea kuwabeba. Safari fupi ya furaha, iliyopangwa vizuri, ni mazoezi ya safari ile ambayo tunamwomba Mungu isije. Kwa hiyo anayesema «njia si salama, basi abaki» ajiulize: abaki na nani, na wakija, nani atamtoa?

Tena, nyumbani penyewe ni salama kwa kiasi gani? Nasema kwa uchungu jambo ambalo wazazi hulinong'ona tu. Msichana asiyeweza kusema vizuri, au asiyeaminiwa anaposema, akiachwa siku tano mikononi mwa yeyote aliyepatikana, yumo hatarini. Wabaya wanajua nyumba ipi haina watu.

La tano linatoka kwa akina mama, nami ninaliheshimu: «Nimechoka. Nimemwogesha na kumlisha miaka 16. Na mimi nahitaji siku moja ya kulala.» Mama huyu hasemi uongo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi wetu tumeutazama mzigo wake kwa miaka tukiuona mwepesi. Kumpumzisha mama ni haki, na wakati mwingine kijana mwenyewe atapenda kubaki kwa shangazi anayempenda, pasipo kelele za arusi. Hilo si kumwacha, ikiwa ameulizwa, ikiwa anayebaki naye anajua dawa na desturi zake, na ikiwa zamu yake ya kusafiri ipo na inajulikana tarehe. Tofauti kati ya kubaki na kuachwa ni kuulizwa. Lakini tazameni tena: mama amechoka hivyo kwa sababu gani? Kwa sababu yuko peke yake. Shirika lake linamtembelea akifiwa, halimtembelei akiwa amechoka. Hapo hoja yake inaacha kuwa hoja dhidi ya kijana, inakuwa hoja dhidi yetu.

Sasa msije mkasema mzee huyu amelaumu na kuondoka. Mwaka uliofuata baada ya kosa langu tulisafiri sote na mwana wetu, na nitawaeleza tuliyojifunza, kwa kuwa upendo usiojua kufunga mzigo ni maneno matupu.

Tulianza kwa kumwuliza. Kijana si mtoto mchanga. Ana haya yake, ana anachokipenda na anachokiogopa. Wetu alitaka kuona mto na hakutaka kulala katika nyumba ya watu wengi. Basi tukachagua mto, na usiku mbili tu. Kwa kuwa siku za mbele humchanganya, mama yake alifunga kamba yenye mafundo: fundo moja kwa kila siku iliyobaki, na kila jioni akafungua moja. Hakuuliza tena mara arobaini kwa siku tutaondoka lini. Aliishika kamba yake. Kwa kiziwi michoro na ishara zitafanya kazi hiyo, na usiku tochi itafanya kazi ya sauti.

Dawa tulizihesabu kwanza kabla ya nguo. Vidonge vya kifafa havikatizwi ghafla hata siku moja, kwa maana kuvikatiza kwaweza kuleta degedege lisilokoma. Tulichukua vya siku za safari na vya siku nne zaidi, kwa sababu barabara zetu mnazijua, tukavigawa katika mifuko miwili isiyopitisha maji. Kabla ya kuondoka tulimwuliza muuguzi wa kituo cha afya kuhusu njia na kuhusu pikipiki. Kwa kijana mwenye damu ya SS, mambo ni maji ya kunywa mara kwa mara, kuepuka baridi ya mvua na uchovu, na chandarua kila usiku.

Juu ya pikipiki alikaa katikati, kati ya dereva na mimi. Dereva tulimweleza mapema, tukamlipa aende polepole na asimame kila tulipomwomba. Kwa asiyeweza kukaa wima, wako wanaosukuma baisikeli yenye kiti kilichofungwa vizuri, na tipoyi iliyowabeba wakubwa wa zamani yaweza kumbeba kijana wa leo kwa heshima zaidi. Mtoni hatukumwacha hatua moja bila mkono wa mtu, na katika mtumbwi alikaa chini, katikati. Watoto wote tuliwafundisha la kufanya akianguka: kumgeuza alale kwa ubavu, kuondoa mawe na moto karibu naye, kutomtia kitu chochote mdomoni, kutomshika kwa nguvu, kutazama saa; na ikipita dakika 5, kutafuta kituo cha afya. Binti yangu wa miaka 9 aliyajua hayo. Kwa nini mkubwa wa kikundi wa miaka 22 asiyajue?

Wenyeji wetu tuliwapelekea habari mapema. Hatukuwaficha. Tuliwaomba chumba kidogo au kona tulivu ambapo angeweza kwenda ngoma zikizidi, na mahali pa kuogea penye faragha, kwani kijana wa miaka 16 haogeshwi uani kama mtoto wa miaka 3. Kwa msichana, aandaliwe dada au shangazi wa kumsaidia, si kaka yeyote aliye karibu. Na vitambaa vyake vya kila mwezi vifungwe mzigoni kama dawa zinavyofungwa, bila aibu.

Alianguka mara moja katika siku hizo. Tulimgeuza ubavu, tukangoja, akalala, tukaendelea na chakula. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo, alisema tu: «Kumbe ni hivyo?» Hofu ya miaka mingi ilimwisha kwa dakika 3.

Nimewasemea wazazi, sasa ninawageukia ninyi, kwa maana ukurasa huu ni wenu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Ufaransa mume na mke mmoja walikuwa na wana wawili wenye ulemavu mkubwa wa akili. Walitaka kwenda Lourdes pamoja na hija ya jimbo lao. Walikataliwa: watoto wao wangewasumbua mahujaji. Wakaenda peke yao, na katika hoteli waliyopata ilibidi wale chakula chumbani, wasionekane. Uchungu wao ulimfikia Marie-Hélène Mathieu na Jean Vanier, na Pasaka ya mwaka 1971 watu wapatao 12,000 kutoka nchi 15 walifika Lourdes, na kati yao wapatao 4,000 walikuwa na ulemavu wa akili. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Foi et Lumière, yaani Imani na Mwanga. Vijana walikuwa wengi katika hija ile, wakiwa marafiki wa safari. Nisiwafiche lingine: mwaka 2020, baada ya kifo cha Vanier, uchunguzi ulifunua kwamba alikuwa amewadhulumu wanawake kadhaa waliomtegemea kiroho. Basi somo ni mawili. Mlango uliofungwa na kamati ya hija ulifunguliwa na familia iliyokataa kukubali. Na hakuna mtu, hata mwenye sifa ya utakatifu, anayeachiwa walio dhaifu bila macho ya wengine. Kambini wasaidizi wawe wawili wawili, na wajulikane kwa wazazi.

Yafanyeni basi mambo matatu kabla ya kiangazi kwisha. Kabla ya kuchagua mahali pa kambi, someni katika mkutano majina ya vijana wa parokia wenye mahitaji ya pekee, mkawatembelee, mkawaulize wenyewe wanataka nini. Kisha mahali pachaguliwe kwa mwendo wao. Ikiwa wao hawafiki, hapo si mahali petu mwaka huu. Na kila mmoja wao awe na marafiki wanne kwa jina, kama wale wanne wa Kafarnaumu waliombeba aliyepooza, wakaona mlango umejaa watu, wakapanda juu na kutoboa paa. Kumbukeni kwamba waliojaza mlango walikuwa wasikilizaji wa Neno, watu wa dini. Hawakumchukia mgonjwa. Walikuwa tu wamesimama mahali pake.

Wale wanne hawakumwambia, «Baki nyumbani, tutamtajia Yezu jina lako.» Walimbeba kwanza; sala yao ilikuwa mabega yao. Nanyi mabega mnayo.

Mwana wetu sasa ni mtu mzima. Kamba yake ameitundika ukutani, haina fundo hata moja. Juma lililopita aliishusha, akamletea mama yake, akaiweka magotini pake bila kusema neno. Mama yake amekwisha kuifunga upya: mafundo ishirini na moja.